Rangi Baadaye: Jinsi ya Kuisoma Fremu ya Baiskeli Iliyoundwa kwa Mkono

Ukiingia kwenye ukumbi wa maonyesho ya baiskeli zilizoundwa kwa mkono, rangi ndiyo inayokuvuta kwanza. Fremu moja imepakwa tabaka juu ya tabaka mpaka unaona kina ndani yake, nyingine imechorwa kwa brashi, nyingine imeng'arishwa hata unauona uso wako. Watu hujazana hapo, simu zimeinuliwa. Lakini mtazame mtengenezaji wa fremu anapopita kwenye meza ya mwenzake. Yeye huinama. Anachungulia chini ya siti, pale bomba la juu, bomba la siti na vibomba viwili vya nyuma vinapokutana. Anapitisha kidole chini ya nyumba ya ekseli ya pedali, mahali ambapo mnunuzi hataangalia maisha yake yote. Halafu anasogea nyuma hatua mbili, anaitazama baiskeli nzima kwa ubavu, na kuuliza: huyu anayeiendesha ni nani?

Swali hilo ndilo la msingi, na naamini anayelielewa huondoka kwenye maonyesho akiwa ameona mara mbili ya alichoona aliyepiga picha tu.

Maonyesho ya namna hii si ya zamani sana. Don Walker, mtengenezaji wa fremu wa Marekani, alianzisha North American Handmade Bicycle Show, na mkusanyiko wa kwanza ulifanyika Houston mwaka 2005. Uingereza ikapata Bespoked mjini Bristol mwaka 2011, na mwaka 2023 yakaanza maonyesho ya MADE mjini Portland, Oregon. Kinachoonyeshwa humo kina umri mkubwa zaidi: ni ufundi uliokuwapo tangu karne ya kumi na tisa, ukakaribia kumezwa na viwanda vikubwa, ukabaki kwenye karakana za mtu mmoja au wawili.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, na ni vizuri lifunguliwe mapema. Fremu nyingi sana za chuma na alumini zinazotoka viwandani nazo zimechomelewa na watu. Mchomeleaji wa kiwandani hushika viungo vingi kiasi kwamba mkono wake unaweza kuwa na uzoefu kuliko wa fundi wa karakana anayemaliza fremu chache kwa mwezi. Kwa hiyo kama hoja ingekuwa mkono tu, maonyesho haya yasingekuwa na maana. Tofauti iko kwenye mpangilio wa maamuzi. Kiwandani fremu huundwa kwanza, mwendeshaji hupatikana baadaye. Kwa hiyo mabomba lazima yamhimili mtu mzito kuliko wote wanaoweza kuinunua, na vipimo lazima viwafae watu wengi kwa wastani. Kwenye karakana mwendeshaji hujulikana kabla bomba halijakatwa. Uzito wake, urefu wa mapaja yake, mgongo wake wenye maumivu, mzigo anaotaka kubeba na barabara anazozipita vyote vimo kwenye mchoro.

Mtu mfupi na mwepesi ndiye anayeliona jambo hili waziwazi. Fremu ndogo ya kiwandani mara nyingi huwa na mabomba yaleyale ya fremu kubwa, kwa hiyo humwia ngumu kupita kiasi. Isitoshe, gurudumu kubwa la kawaida likiwekwa kwenye fremu fupi, ncha ya kiatu hugonga tairi la mbele anapokata kona. Kampuni nyingi kwa miaka mingi zilijibu tatizo hilo kwa kunyoosha mbele uma, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, au kulaza pembe ya kichwa cha fremu, pale usukani unapoingia, na kumwachia mwendeshaji baiskeli nzito kwenye mikono. Georgena Terry, Mmarekani aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1985, alilijibu kwa njia nyingine: aliwaundia wanawake wafupi baiskeli zenye gurudumu dogo zaidi mbele, la inchi 24. Kwa aliyezoea magurudumu sawa zilionekana za ajabu. Lakini ukizitazama huku ukimfikiria mwendeshaji wake, kila kipimo kinajieleza.

Kuhusu usukani, kuna kipimo kimoja kinachostahili kufafanuliwa polepole kwa sababu ndicho kinachoipa baiskeli tabia. Chukua mstari unaopita katikati ya bomba la kichwa, yaani mhimili ambao usukani unazungukia, uurefushe mpaka uguse ardhi. Kisha tafuta nukta ambapo tairi la mbele linagusa ardhi. Tairi hugusa nyuma kidogo ya mstari ule, na umbali kati ya nukta hizo mbili ndio unaolifanya gurudumu liburutwe nyuma ya mhimili wake na kusaidia kulirudisha sawa. Tuuite mburuto. Kwa gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 340, pembe ya kichwa ya digrii 73 na uma uliopinda mbele kwa milimita 45, mburuto ni kama milimita 57. Laza pembe iwe digrii 72 bila kugusa kingine chochote, na mburuto unafika karibu milimita 63. Digrii moja, ambayo jicho haliwezi kuiona kutoka upande wa pili wa meza, inatosha kuifanya baiskeli ihisike nzito zaidi kugeuza.

Ndiyo maana utakuta baiskeli mbili za safari ndefu zinazofanana kabisa, moja ikiwa na uma uliopinda sana na mburuto wa milimita 40 hivi au pungufu, nyingine ikiwa na karibu 60. Ya kwanza imekusudiwa kubeba mfuko mbele, juu ya gurudumu, kama walivyopenda watengenezaji wa Ufaransa katikati ya karne ya ishirini, akina René Herse na Alex Singer. Mzigo wa mbele huufanya usukani uwe mzito, na mburuto mfupi huurudishia wepesi. Ya pili haina mzigo mbele. Kuuliza ipi ni bora bila kutaja mzigo ni kuuliza swali lisilo na jibu.

Bomba na yanayosemwa juu yake

Kwenye maonyesho utasikia watu wakisema chuma kina uhai, alumini inatikisa mifupa, titani ni laini kama hariri. Wanachohisi ni kweli, lakini sababu wanayoitoa si sahihi.

Ugumu wa metali kupinda hupimwa kwa kizio cha gigapaskali. Chuma kina kama 200, titani kama 110, alumini kama 70. Uzito kwa sentimita moja ya ujazo ni gramu 7.85 kwa chuma, 4.5 kwa titani na 2.7 kwa alumini. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili na utaona jambo la kushangaza: zote tatu zinakaribia 25. Yaani kwa uzito uleule, metali hizi zina ugumu unaolingana. Kinachotofautisha baiskeli moja na nyingine ni umbo la bomba, hasa kipenyo. Kwa bomba lenye ukuta mwembamba, ugumu wa kupinda hukua kwa mchemraba wa kipenyo. Bomba la milimita 28.6 likibadilishwa na la 31.8 lenye ukuta wa unene uleule, uzito huongezeka kwa asilimia 11 hivi, ugumu kwa karibu asilimia 37.

Alumini nayo ina udhaifu wake: kila mkunjo, hata mdogo, huihesabia kuelekea siku ya kuvunjika, wakati chuma na titani hustahimili mikunjo midogo isiyo na idadi. Kwa hiyo wasanifu huifanya fremu ya alumini iwe na mabomba manene yasiyopinda kabisa, na hapo ndipo sifa ya ukali ilipozaliwa. Nitaongeza jambo ambalo watengenezaji wakweli hulisema bila kusukumwa: starehe nyingi ya wima hutoka kwenye tairi. Tairi pana lenye upepo wa wastani hubonyea kiasi ambacho pembetatu ya mbele ya fremu haiwezi kukikaribia. Mtu akikuuzia fremu kwa ahadi ya ulaini halafu akaacha nafasi ya tairi jembamba tu, mwulize tena.

Hilo halina maana kwamba bomba si muhimu. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham alipata hataza ya bomba lenye ukuta mnene kwenye ncha na mwembamba katikati, huku kipenyo cha nje kikibaki kilekile. Ukilishika mkononi huoni tofauti yoyote. Ndani, ukuta unaweza kuwa milimita 0.8 kwenye ncha na 0.5 katikati. Nchani ndiko moto wa kiungo unakopita na ndiko nguvu zinakokusanyika. Katikati kazi ni ndogo, basi chuma kinapunguzwa. Mwaka 1935 kampuni hiyo ikatoa aloi ya 531, yenye manganizi na molibdeni, na Columbus ya Italia ikawa na zake. Mtengenezaji leo huchagua kila bomba peke yake: la chini nene kwa mwenye miguu ya nguvu, la juu jembamba kwa mwepesi, vibomba vya nyuma kutoka kampuni nyingine kabisa. Ukisoma kibandiko cha kampuni moja kwenye fremu, usidhani mabomba yote ni yake.

Pale mabomba yanapokutana

Sasa inama, kwa sababu hapa ndipo penye ufundi wa kutazamwa.

Kabla ya moto wowote, ncha ya bomba hukatwa kwa umbo la mviringo ili ikumbatie bomba jingine. Watengenezaji wengi hulimalizia kwa tupa. Bomba lililokatwa vizuri likishikwa dhidi ya mwenzake mbele ya taa, mwanga haupiti. Hakuna atakayeliona tena baada ya hapo, na bado nguvu ya kiungo huanzia hapo. Mwanya uliojazwa kwa lehemu au kwa chuma kilichoyeyushwa unaweza kupendeza nje, lakini ukipoa huvuta fremu upande.

Njia kongwe ni ya lagi, yaani soketi za chuma zinazopokea ncha za mabomba. Mtengenezaji hupaka kemikali ya kuondoa uchafu, hupasha moto kiungo chote kwa usawa, kisha hugusisha ncha ya waya wa fedha ukingoni. Aloi ya fedha huyeyuka kwenye nyuzi 600 hadi 700 za Selsiasi hivi, na ikiwa mwanya kati ya bomba na lagi ni kama sehemu ya kumi ya milimita, hujivuta ndani yenyewe na kutokea upande wa pili, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Shaba ya njano huhitaji karibu nyuzi 900, husamehe mwanya mkubwa, lakini joto lake hudhoofisha zaidi mabomba membamba. Reynolds ilipotoa bomba la 753 katika miaka ya 1970, lililokuwa jembamba mno na limetiwa nguvu kwa joto, ilimtaka mtengenezaji afanye mtihani wa kiungo kabla ya kuuziwa. Ilikuwa lazima atumie fedha, shaba ingeliharibu.

Kwenye fremu ya lagi tazama ukingo. Mstari ambapo lagi inakutana na bomba unapaswa kuwa mmoja, mkali, usiokatika, na ncha za kushoto na kulia zilingane. Lagi iliyokonda kingoni imefanyiwa kazi kwa saa nyingi. Halafu tafuta makosa ya tupa kwenye bomba lenyewe, karibu na lagi. Mkwaruzo wa sehemu ya kumi ya milimita kwenye ukuta wa 0.5 umeondoa sehemu ya tano ya chuma chote kilichokuwapo. Rangi nzito huuficha mkwaruzo huo vizuri sana, ndiyo sababu kuleta fremu isiyopakwa rangi ni tendo la ujasiri, na mimi huwaheshimu wanaolifanya. Richard Sachs, aliyejifunza kazi London mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuirudisha Marekani, amejenga jina lake juu ya viungo vya aina hii. Baiskeli zake ni nyekundu na nyeupe, umbo ni lilelile mwaka hadi mwaka, na hapo hakuna pa kujificha.

Njia ya pili haina lagi. Shaba hujengwa kwenye kona kati ya mabomba mpaka iwe mkunjo laini, kisha hupigwa tupa na msasa mpaka huoni bomba moja linapoishia na jingine linapoanzia. Ukiona kiungo hiki kinatiririka bila ngazi, jua kuwa hatari kubwa haikuwa kwenye moto, ilikuwa kwenye tupa, maana ukingoni mwa shaba kuna bomba tupu linalosubiri kukwanguliwa. Wapo wanaokiacha kiungo kama kilivyotoka motoni, na mawimbi yake madogo, ili uone kwamba mkono haukuhitaji kusahihishwa.

Ya tatu ni uchomeleaji wa TIG, ambapo chuma chenyewe huyeyuka chini ya arki ya umeme ndani ya gesi ya argoni. Tazama magamba, yaani mawimbi madogo ya chuma kilichoyeyuka na kuganda: yawe na upana mmoja, hatua moja, hata nyuma ya bomba la siti ambapo mchomeleaji hawezi kuweka mkono wake vizuri. Mtu yeyote aliyefanya mazoezi atapendezesha sehemu ya mbele. Kona finyu ya nyuma ndiyo inayosema ukweli. Kwa titani kuna ushahidi wa ziada, nao ni rangi. Titani ikiwa ya moto hunywa oksijeni na nitrojeni ya hewa na kuwa dhaifu kama kioo, kwa hiyo argoni lazima ijazwe hata ndani ya mabomba. Kiungo cha rangi ya fedha au majani makavu kimekingwa vyema. Buluu na zambarau ni onyo, na kijivu chenye unga maana yake kiungo hicho ni cha kukatwa na kutupwa. Kwa kuwa fremu nyingi za titani hazipakwi rangi, unaweza kusoma historia ya moto wake kwa macho. Lakini kuna watu husafisha kiungo kwa brashi baadaye. Weupe mtupu uliokwanguliwa pande zote unaruhusu swali la heshima.

Kaboni ni ulimwengu mwingine. Uzuri wake umo kwenye mwelekeo wa nyuzi na idadi ya tabaka, ambavyo mtazamaji havioni, kwa hiyo inabidi umwulize mtu na kumwamini au kutomwamini. Mianzi, iliyofungwa viungo kwa nyuzi za mimea na gundi ya epoksi, nayo huonekana kwenye kumbi hizi, na Craig Calfee wa California amechangia sana ikachukuliwa kwa uzito.

Unyoofu

Metali ikipoa husinyaa, na kiungo kimoja kinaweza kuivuta fremu nje ya mstari hata ikiwa imefungwa kwenye kiunzi. Mtengenezaji hupambana na hilo kwa mpangilio: anachomelea robo upande huu, robo upande wa pili, anasubiri, anapima juu ya meza bapa ya chuma. Aliyepanga vizuri hahitaji kuinyoosha fremu kwa nguvu mwishoni. Wewe huna meza hiyo, lakini una magurudumu. Simama nyuma ya baiskeli uangalie tairi la nyuma katikati ya vibomba vyake: nafasi ya kushoto na kulia iwe sawa, juu na chini. Kisha angalia kama magurudumu mawili yako kwenye bapa moja.

Hayo yote hayana pambo, na kuna baiskeli nyingi nzuri zisizo na pambo hata kidogo. Za mbio za keirin za wanaume za Japani, mchezo wa kubeti ulioanza mwaka 1948, hutumia fremu za chuma kutoka kwa watengenezaji waliosajiliwa tu, kwa sababu fedha za watu wanaobeti zimewekwa kwenye kila mbio. Hazina tundu la chupa wala breki, na kila moja imepimwa kwa mwili wa mwanariadha mmoja. Upande mwingine kabisa yuko Dario Pegoretti wa Italia, aliyefariki mwaka 2018, ambaye fremu zake zilijaa rangi za mchoraji. Nikisema rangi baadaye simkatai Pegoretti. Chini ya rangi zile kulikuwa na mchomeleaji wa daraja la juu, na aliyeijua kazi yake alianza na viungo.

Ninachokitilia shaka ni baiskeli zinazoundwa kwa ajili ya ukumbi tu. Sanduku la mizigo lililochongwa lisiloweza kubeba mzigo, kebo iliyopitishwa ndani ya fremu kwa njia ambayo hakuna fundi atakayeibadilisha bila kuvunja usukani wote. Wafaransa walikuwa na dawa ya ugonjwa huu tangu miaka ya 1930: mashindano ya Concours de Machines, ambayo yalirejeshwa mwaka 2016. Baiskeli hupimwa na kukaguliwa, halafu huendeshwa mamia ya kilomita kwenye barabara mbaya, na alama hukatwa kwa kila kilicholegea, kilichopasuka au kilichozimika. Taa iliyokufa usiku ina adhabu yake.

Ukipata nafasi ya kuzungumza na mtengenezaji, usianze na bei wala gramu. Mwulize ameiunda kwa nani, na kwa nini bomba lile na si jingine. Wengi wataeleza kwa furaha, wataigeuza baiskeli juu chini, watakuonyesha mahali walipohangaika. Kisha mwulize litakuwaje bomba la juu likibonyea baada ya ajali. Mwenye fremu ya chuma ya lagi atakwambia kuwa kiungo hupashwa moto tena, lehemu ikayeyuka, bomba likatolewa na jipya likaingia. Mwenye fremu ya chuma iliyochomelewa atasema bomba hukatwa kwa msumeno, mabaki yakapigwa tupa, na kazi ikaanza upya kwenye kiungo hicho. Na aliyehifadhi mchoro wa mteja wake hatahitaji kumpima tena, isipokuwa mwili wenyewe uwe umebadilika.